Nani Aliizaa Obamacare? Hotuba kwa Jamii ya Waswahili wa Houston

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, ndugu zangu mliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya, Tanzania na Uganda, habari za jioni. Najua wengine mmetoka zamu moja kwa moja na wengine mnaingia zamu usiku huu huu, kwa hiyo nitakwenda kwenye jambo lenyewe.

Nimeombwa nizungumzie sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, ile ambayo karibu kila mtu anaiita Obamacare. Nitaanza na jambo ambalo huwashangaza watu kila ninapolitaja. Kile kifungu kilichopigwa vita kuliko vyote katika sheria hiyo, kifungu cha kumlazimisha kila mtu kuwa na bima, kilitoka kwa Warepublican. Kimeandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge la Marekani na majina ya wenyewe yapo.

Nawaambia haya kwa sababu katika kazi yangu ya kuwasaidia watu kujaza fomu za bima, nakutana na ndugu zetu wanaoikataa bima kwa kuwa ni "kitu cha Obama". Nakutana pia na wengine wasiotaka kupeleka shida yao kwa mwakilishi wao wa jimbo kwa kuwa ni "mtu wa Trump". Wote wawili wameamua kwa kuangalia chama. Na wote wawili wana watoto wanaougua.

Turudi mwaka 1986. Rais alikuwa Ronald Reagan, Mrepublican. Alitia saini sheria inayozitaka hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea fedha za Medicare, bima ya serikali ya wazee, zimpokee kila anayefika, zimpime, na zimtulize hali yake bila kwanza kuuliza kama ana pesa. Ndiyo maana hata leo, mtu wetu asiye na karatasi yoyote mkononi akianguka njiani, hospitali haiwezi kumfukuza mlangoni. Ni sheria njema na mimi naiheshimu sana. Lakini haikusema nani atalipa. Gharama za wasio na bima zikaingia kwenye bili za wenye bima, na kwenye kodi. Hapa kwetu, hospitali ya kaunti kama Ben Taub hupokea sehemu ya fedha zake kutoka kodi ya majengo na ardhi. Wewe unayepanga chumba unailipa pia, maana mwenye nyumba ameshaiweka ndani ya pango lako.

Hapo ndipo wahafidhina walipoanza kuuliza swali lao. Mwaka 1989, taasisi yao ya utafiti iliyoko Washington, Heritage Foundation, kupitia mtaalamu wake Stuart Butler, ilipendekeza kila kaya ilazimishwe kuwa na bima angalau ya magonjwa makubwa. Hoja yao ilikuwa ya uwajibikaji: kama jamii imekubali kukutibu ukizidiwa, basi na wewe changia kabla hujazidiwa. Wakati huo kulikuwa na Wademokrati waliotaka serikali iwe mlipaji wa kila kitu, na wengine waliotaka kila mwajiri abanwe. Wahafidhina walihitaji jibu linaloacha kampuni binafsi za bima zifanye biashara, na hili ndilo lililokuwa jibu lao.

Sisi hatuhitaji profesa kutueleza hesabu yake. Wote hapa mmo katika vyama vya kufa na kuzikana. Mnajua kwamba mtu haruhusiwi kujiunga siku msiba umeshaingia kwake. Mkiruhusu hivyo, kila mtu atasubiri afiwe ndipo alete mchango, na sanduku litakauka ndani ya mwezi mmoja. Kampuni za bima zilikuwa zikijilinda na jambo hilo kwa kuwakataa wagonjwa: una kisukari, hapana, ulipasuliwa moyo, hapana, una mimba, subiri. Ukitaka kuzikataza zisiwakatae wagonjwa, ni lazima uwaingize na wazima. Hakuna namna ya tatu isipokuwa serikali kulipa yenyewe.

Mwaka 1993 Rais Bill Clinton alipoleta mpango wake mkubwa wa afya, ulioongozwa na mkewe Hillary, maseneta wa Republican walijibu kwa mswada wao. Aliyeuandika ni John Chafee wa Rhode Island, na miongoni mwa waliouunga mkono alikuwa Bob Dole, kiongozi wa chama chao katika Seneti. Ndani yake mlikuwa na sharti la kila mtu kuwa na bima, ruzuku kwa wenye kipato kidogo, na katazo la kuwakataa wagonjwa. Mswada wa Clinton ulikufa, na wa Chafee ukafa nao. Lakini wazo lilikuwa limeshavaa jezi ya Republican, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyeona aibu kulivaa.

Lilitekelezwa kwanza Massachusetts. Gavana alikuwa Mitt Romney, Mrepublican, na bunge la jimbo lilikuwa la Wademokrati. Serikali ya George W. Bush ilikuwa inatishia kuzuia mamia ya mamilioni ya dola za Medicaid, bima ya serikali ya maskini, kama jimbo halitabadilisha namna ya kuwahudumia wasio na bima. Kila upande ulikuwa na sababu ya kukaa mezani. Tarehe 12 Aprili 2006, ndani ya ukumbi wa Faneuil Hall mjini Boston, Romney alitia saini huku Seneta Ted Kennedy, Mdemokrati mkubwa kuliko wote katika mambo ya afya, yupo pale pamoja naye. Massachusetts ikawa jimbo lenye asilimia ndogo kabisa ya watu wasio na bima nchini.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 2008, katika kinyang'anyiro cha ndani ya chama cha Democratic, Hillary Clinton ndiye aliyetaka sharti la kila mtu kuwa na bima. Barack Obama alilipinga. Alitaka liwahusu watoto tu. Alipoingia Ikulu na wataalamu wakamwekea hesabu mezani, alibadili msimamo. Kwa hiyo mtu ambaye jina lake limebandikwa kwenye sheria hii alianza kwa kuipinga sehemu yake kuu, na chama kilichokuja kuiita sehemu hiyo uvunjaji wa Katiba ndicho kilichoitunga.

Ningekuwa nawadanganya kama ningesema sheria nzima ya 2010 ni ya Warepublican. Sivyo. Kuipanua Medicaid iwafikie watu wazima wote maskini kulikuwa kwa Wademokrati. Kuwatoza kodi zaidi wenye kipato kikubwa kulikuwa kwao pia. Na bima aliyoipendekeza Butler ilikuwa nyepesi kuliko hii, naye baadaye alijitenga na wazo hilo. Lakini soko la bima (mahali pa kununulia bima za kampuni binafsi), ruzuku na sharti, mambo hayo matatu yalikuwa na baba anayejulikana.

Basi ilikuwaje pasipatikane hata kura moja ya Republican siku ya mwisho? Majira ya joto ya 2009 maseneta sita, watatu kila upande, wakiongozwa na Max Baucus, Mdemokrati, walikaa miezi wakitafuta mapatano. Oktoba mwaka ule Olympia Snowe wa Maine, Mrepublican, aliupigia mswada kura ya ndiyo kwenye kamati ya fedha. Desemba akapiga hapana. Ted Kennedy alikuwa amefariki Agosti. Tarehe 24 Desemba, asubuhi ya mkesha wa Krismasi, Seneti ilipitisha mswada kwa kura 60 kwa 39, bila hata kura moja ya Republican. Januari, kiti cha Kennedy kikachukuliwa na Scott Brown, Mrepublican, na Wademokrati wakapoteza ile kura ya 60 inayozuia mswada usikwamishwe. Wakaamua Baraza la Wawakilishi lipitishe mswada wa Seneti kama ulivyo, kisha marekebisho yapite kwa njia ya bajeti inayohitaji kura chache. Tarehe 21 Machi 2010: 219 kwa 212. Siku mbili baadaye Obama akatia saini.

Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican katika Seneti, hakuficha sababu yake. Alieleza kwamba ilikuwa muhimu chama chake kishikamane chote, kwa kuwa wananchi wakiona vyama viwili vimekubaliana watadhani jambo ni jema. Mimi naona hapo ndipo ugonjwa wa siasa hii ulipoingia. Swali lilikoma kuwa "je, kifungu hiki kitamsaidia mtu?" likawa "je, nani atapata sifa?" Na Wademokrati hawana mikono safi kabisa. Obama aliwaahidi watu kwamba anayeipenda bima yake atabaki nayo, na mwaka 2013 mamilioni walipokea barua za kufutiwa bima zao. Ahadi ile haikuwa kweli. Ilivunja imani, na imani ya mtu wa kawaida ikishavunjika kwenye jambo la afya ni vigumu kuirudisha.

Linganisheni na mwaka 1965. Rais Lyndon Johnson alipotia saini Medicare ya wazee na Medicaid ya maskini, alisafiri hadi Independence, Missouri, ili Harry Truman, aliyepigania bima ya taifa miaka ya 1940 akashindwa, awepo. Kura ya mwisho ya Baraza la Wawakilishi ilikuwa 307 kwa 116. Katika Warepublican, 70 waliunga mkono na 68 wakapinga. Chama kiligawanyika katikati, kila mtu na dhamira yake. Leo hakuna mwanasiasa wa chama chochote anayethubutu kumwambia bibi wa miaka 70 kwamba Medicare yake itafutwa.

Sheria ya 2010 haikupata baraka hiyo, na gharama yake tunailipa sisi tunaoishi Texas.

Naomba hapa mnisikilize kwa makini, kwa sababu hili linawagusa wengi kwenye ukumbi huu. Sheria iliandikwa kwa ngazi mbili. Mtu maskini kabisa angeingia Medicaid katika kila jimbo. Aliye juu ya hapo kidogo angepata ruzuku kununua bima sokoni. Walioandika hawakuweka ruzuku kwa walio chini ya mstari wa umaskini, kwa sababu walidhani hao wote wana Medicaid. Kisha tarehe 28 Juni 2012 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu mbili kwa siku moja. Jaji Mkuu John Roberts, aliyeteuliwa na Bush, aliliokoa sharti la bima kwa kura 5 kwa 4, akisema faini ya asiye na bima ni kodi. Papo hapo, kwa kura 7 kwa 2, mahakama ikasema serikali kuu haiwezi kuyalazimisha majimbo kuipanua Medicaid. Kati ya hao saba walikuwemo Stephen Breyer na Elena Kagan, walioteuliwa na marais wa Democratic. Hata huko mistari ya vyama haikunyooka.

Texas, chini ya Gavana Rick Perry, ikakataa. Serikali kuu ilikuwa imeahidi kulipa gharama zote za upanuzi kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha kushuka taratibu hadi asilimia 90. Majimbo 40 na jiji la Washington wamekubali. Sisi bado. Hapa kwetu mtu mzima asiye na mtoto, asiye na mimba, asiye mlemavu na asiye mzee hapati Medicaid hata awe na kipato sifuri. Mwenye watoto akifanya kazi hata ya saa chache tu amezidi kiwango. Na kwa kuwa yuko chini ya mstari wa umaskini, ruzuku ya sokoni hana. Maskini zaidi anakosa, mwenye nafuu kidogo anapata. Sijawahi kukutana na mtu yeyote, wa chama chochote, anayesema huo ndio mpango aliouota. Texas ina asilimia kubwa ya watu wasio na bima kuliko jimbo lolote la nchi hii.

Na hapo hapo, kwa mwaka 2025, watu karibu milioni 4 wa Texas walijiandikisha kwenye soko la Obamacare. Ni Florida pekee iliyotuzidi. Majimbo mawili ambayo viongozi wake waliipiga vita sheria hii kwa nguvu zote ndiyo yanayoitumia zaidi. Mwanasheria Mkuu wetu wa Texas, Ken Paxton, aliongoza kesi ya kuifuta sheria nzima, na tarehe 17 Juni 2021 Mahakama ya Juu ikaitupa kwa kura 7 kwa 2. Kabla ya hapo, usiku wa manane Julai 2017, Seneta John McCain alikuwa amenyoosha mkono na kugeuza dole gumba chini mbele ya Seneti, akapiga kura iliyozuia Warepublican wenzake wasiifute. Alikuwa akiipinga Obamacare tangu mwanzo. Alichokikataa ni kufuta jambo zito kiasi hicho bila mjadala wa kamati na bila upande wa pili. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko wengi walioipenda sheria hii kwa maneno. Lile sharti la bima, Bunge lilishusha faini yake hadi sifuri kupitia sheria ya kodi ya Desemba 2017. Soko likabaki limesimama kwa nguvu ya ruzuku.

Ruzuku zenyewe ziliongezwa mwaka 2021 chini ya Joe Biden, zikaongezewa muda hadi mwisho wa 2025. Zilipokaribia kuisha, vyama vikashikana mashati hadi serikali kuu ikafungwa siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba. Serikali ikafunguliwa bila makubaliano ya ruzuku, na nyongeza ile ikaisha pamoja na mwaka. Wale mnaoniuliza kwa nini malipo yenu ya mwezi yamepanda, sababu kubwa ndiyo hiyo.

Sasa jambo linalowahusu wakimbizi. Sheria kubwa ya bajeti aliyotia saini Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 ina vifungu kuhusu wageni. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) hawatakuwa tena katika orodha ya wanaostahili Medicaid ya serikali kuu. Kuanzia 2027 ruzuku za sokoni nazo zitabanwa kwa namna hiyo hiyo. Tangu 1996 wakimbizi walikuwa wamewekwa kando na ile kanuni ya kungoja miaka mitano inayowabana wenye green card wengi. Sheria ya 1996 ilitiwa saini na Clinton, Mdemokrati, ikipitishwa na Bunge la Warepublican. Kila mara mlango unapofungwa, ukitazama vizuri utaona mikono zaidi ya aina moja.

Mkimbizi anaruhusiwa kuomba green card baada ya mwaka mmoja nchini. Kama mwaka wako umefika na hujaomba, usisubiri. Mweleze mhudumu wa kesi yako kesho asubuhi.

Watu huniuliza: sasa sisi tufanye nini, siasa si ya kwao? Nawajibu kwa mfano wa hapa hapa. Mwaka 2023 Bunge la Texas, linaloongozwa na Warepublican, lilipitisha sheria ya kuwapa kina mama Medicaid kwa miezi 12 baada ya kujifungua. Kabla ya hapo ilikuwa ikikatika mapema mno, mama akiwa bado ananyonyesha kichanga. Aliyeipigania katika Baraza la Wawakilishi la jimbo ni Dade Phelan, Mrepublican, aliyekuwa Spika wakati huo, pamoja na Wademokrati, na Gavana Greg Abbott akatia saini. Hawakugeuka kuwa wafuasi wa Obama. Madaktari, wakunga, makanisa na kina mama wenyewe walikwenda Austin wakakaa mbele ya kamati na kueleza kilichowapata. Kuna majimbo mengine, kama Missouri, Oklahoma na South Dakota, ambako wananchi walikusanya saini, wakapiga kura wenyewe, na Medicaid ikapanuliwa huku magavana wao wakiwa Warepublican. Texas haina njia hiyo ya wananchi kuitunga sheria kwa saini. Hapa kila kitu kinapitia kwa wawakilishi. Bunge letu hukutana katika mwaka usiogawanyika kwa mbili, kuanzia Januari, kwa siku 140 tu. Mkutano ujao wa kawaida ni Januari 2027.

Naomba niseme hili bila kuzunguka. Kama wewe si raia, usipige kura na usijiandikishe kupiga kura, hata mtu akikuletea fomu kwa tabasamu dukani. Unaweza kufukuzwa nchini kwa ajili hiyo. Lakini kumwandikia mwakilishi wa eneo lako, kumtembelea ofisini, kusimama mbele ya kamati Austin na kueleza habari za mtoto wako, hayo hayahitaji uraia. Na kama umeshakula kiapo cha uraia, jiandikishe angalau siku 30 kabla ya uchaguzi, kwa sababu Texas haipokei baada ya hapo.

Unapokwenda huko, usianze na Obama wala Trump. Mwambie mwakilishi kwamba mkeo anasafisha vyumba vya hoteli, anapata kipato kidogo mno cha kupewa ruzuku na kikubwa mno cha kupewa Medicaid, na mwambie kiasi chenyewe. Kama anajiona mhafidhina, mkumbushe kwamba mtu anayefanya kazi na kuchangia bima yake ndilo lililokuwa wazo lao la mwaka 1989. Kama ni Mdemokrati, muulize ameleta mswada gani wa kupanua Medicaid na amezungumza na nani wa upande wa pili, maana peke yao hawana kura za kuupitisha.

Dada zetu wawili wako pale kwenye meza ya nyuma na orodha ya wawakilishi kwa kila msimbo wa posta. Nitachukua maswali sasa, na naomba tuanze na wale ambao Medicaid yao itaguswa Oktoba.